Jina la baba au la mume kwenye fomu za viza ya mwenza?

SWALI: Asalaam aleikum wakili. Mimi ni mkazi wa Bombo. Nimeolewa kwa nikahi na Mganda mwenzetu ambaye sasa ni raia wa Marekani, anaishi Waltham, Massachusetts. Pasipoti yangu ina jina langu na la baba yangu, na cheti cha nikahi vilevile. Mwezi uliopita mume wangu aliwasilisha kwa mtandao fomu I-130, ile ya raia kumwombea mkewe uhamiaji wa Marekani. Barua ya kupokelewa ilipokuja nikaona nimeandikwa kwa jina lake. Anasema rafiki zake walimweleza kwamba mke asiye na jina la mume huonekana kama ndoa yake ni ya kununua viza. Sasa ananihimiza nibadilishe kitambulisho na pasipoti haraka ili vifanane na fomu, na baba yangu hataki hata kulisikia jambo hilo. Kuna na hili: niliwahi kufanya kazi Dubai miaka miwili kwa pasipoti ya zamani yenye jina la baba. Je, nibadilishe pasipoti, au fomu ndiyo irekebishwe? Na tukiwa na majina tofauti, watatuamini?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Usiiguse pasipoti yako. Kinachorekebishwa ni fomu, na kazi hiyo si kubwa kama mnavyoiogopa. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali hili naletewa na wanawake wengi, kutoka Bombo hadi Arua na Jinja, na inaniuma kuona ndoa ya haki inacheleweshwa kwa jambo la kumalizwa kwa barua moja.

Tutumie majina ya mfano ili tusipotezane. Tuseme wewe ni Zaituni Ramadhani, na Ramadhani ni baba yako. Mume ni Yusuf Abdallah, na Abdallah ni baba yake. Pasipoti inasema Zaituni Ramadhani. Fomu ya mume inasema Zaituni Abdallah.

Nianze na hofu ya mume wako, kwa kuwa ndiyo iliyozaa haya yote. Hakuna sheria ya Marekani inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Wala jina halihesabiwi kuwa ushahidi wa ndoa. Maelekezo ya I-130 yanataja wazi ushahidi wanaoutaka: mali mnayomiliki pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili, fedha mnazozitumia kwa pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu, viapo vya watu wanaoifahamu ndoa yenu. Jina la mke kufanana na la mume halimo. Marekani kwenyewe wanawake wengi walioolewa wamebaki na majina ya kwao, na afisa atakayelisoma faili lako anaweza kuwa mmoja wao. Isitoshe, mtu mwenye nia ya kudanganya hashindwi kubadili jina, na maafisa wanalijua hilo vizuri.

Hapa Uganda jina la mume kubandikwa kwa mke ni jambo lililokuja na kanisa na ofisi. Binti wa Kiganda hupewa jina la ukoo wa baba yake, na kwa kuwa haruhusiwi kuolewa ndani ya ukoo huo, jina la ukoo wa mume haliwi lake hata wakizeeka pamoja. Kaskazini, Okello ni mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya mapacha. Mkewe akiitwa Okello anabeba habari za kuzaliwa kwa mumewe, tena kwa umbo la kiume, ilhali kama yeye mwenyewe angezaliwa baada ya mapacha angeitwa Akello. Kwetu Waislamu ndiyo zaidi. Jina lako la pili ni la baba mzazi. Ukijiita Zaituni Abdallah, hujachukua jina la mumeo hata kidogo. Umejiandika kuwa binti wa baba mkwe wako. Baba yako anapokataa ana hoja yenye uzito wa dini na wa nasaba, na mume wako aielewe hivyo, asiione kama ukaidi wa mzee.

Kwa hiyo kwa afisa anayeshughulikia faili za Waganda, mke na mume wenye majina tofauti ni jambo la kila siku. Kinachomfanya asite ni mke mmoja mwenye majina mawili yasiyo na maelezo. Faili lenu limefika hapo sasa, na ndiyo maana nataka mlirekebishe mapema.

Katika safari hii yote pasipoti ndiyo mama wa karatasi nyingine. Viza huchapwa kwa jina lililo kwenye pasipoti. Tiketi ya ndege hufuata pasipoti. Grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, huchapwa kwa kufuata viza. Kadi ya Hifadhi ya Jamii, ambayo bila hiyo mwajiri wa kule hawezi kukuandikia mshahara vizuri, hufuata rekodi za uhamiaji, na leseni ya udereva nayo huangaliwa humo humo. Fomu aliyoijaza mume wako ni ombi tu: inamwambia mkubwa wa uhamiaji kwamba mtu fulani ni mke wangu. Haina uwezo wa kukupa jina. Jina lako limetolewa na Uganda, na Marekani inalipokea kama lilivyo.

Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini kabisa. Baada ya herufi UGA utaona jina la ukoo, kisha alama mbili za mshale << na baadaye jina lako la kwanza: RAMADHANI<<ZAITUNI. Hivyo ndivyo mashine za uwanja wa ndege na za ubalozi zinavyokusoma. Kilicho kabla ya ile mishale miwili kiandikwe kwenye nafasi ya jina la ukoo katika kila fomu, na kilicho baada yake kiandikwe kwenye jina la kwanza. Usijiulize lipi "kweli" ni jina la ukoo kwa desturi yenu, wala usiyageuze kwa kuwa shuleni mlizoea kuanza na lingine. Nimeona mafaili mengi yaliyoharibika kwa kugeuza tu, bila mtu yeyote kubadili jina. Nakili kama ilivyo, pamoja na tahajia: kama pasipoti imeandika Ramadhan bila i, basi fomu zote ziwe bila i, hata kama cheti cha shule kinayo.

Sasa tuipime njia anayoitaka mume wako, ili mtakapozungumza uwe na la kumwonyesha. Kuolewa hakubadili jina lako kwenye rejista ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu ya Uganda. Chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, anayebadili jina hutangaza nia yake kwenye Gazeti la Serikali, na baada ya hapo huomba rejista ibadilishwe. Hati yenyewe ya kubadili jina huandaliwa na wakili na kusajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa hati, kampuni na ndoa. NIRA ikikubali, ndipo unapoanza upya habari ya pasipoti, kwa kuwa mfumo wa pasipoti huchukua taarifa zako kwa NIN, yaani namba ya kitambulisho chako cha taifa: ombi jipya, ada ya shilingi 250,000, miadi, alama za vidole. Hapo bado hujalipa wakili, tangazo, wala nauli za kwenda Kampala na kurudi. Na mwisho wa yote utakuwa na pasipoti ya Zaituni Abdallah pamoja na cheti cha kuzaliwa, cheti cha nikahi na vyeti vya mitihani ya shule vya UNEB, vyote vya Zaituni Ramadhani. Mtakuwa mmeziba tundu moja na kutoboa manne.

Tena kuna Dubai, na hapo ndipo uamuzi wangu haukuwa na shaka tena. Mwombaji wa viza ya uhamiaji hutakiwa kuleta cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi tangu alipotimiza miaka 16. Wewe uliishi kule miaka miwili, kwa hiyo utakiomba, na wao watakutafuta kwa pasipoti ile ya zamani na jina lile la wakati ule. Ukiwa na jina lile lile leo, cheti chao kitaingia kwenye faili bila swali. Ukiwa na jingine, itabidi kiambatane na hati ya kubadili jina na nakala ya tangazo, na uanze kueleza. Dada zetu wengi waliofanya kazi Ghuba hawalikumbuki hili mpaka faili limekwama. Ile pasipoti ya zamani itunze, hata kama imekatwa pembe. Mihuri iliyomo ndiyo historia yako.

Tuje kwenye marekebisho. Kwanza elewa jinsi jina lilivyopita bila wewe kujua: mke aliye nje ya Marekani hujaziwa fomu nyingine iitwayo I-130A, lakini si lazima aisaini. Kwa hiyo mume anaweza kupeleka kila kitu peke yake akiwa Waltham, na mke akaja kuona jina kwenye barua. Kuanzia leo mwombe kila fomu akutumie kwanza, uisome mstari kwa mstari ukiwa na pasipoti mkononi.

Asiwasilishe I-130 mpya. Ada ya mtandaoni ni dola 625, ya karatasi ni 675, na kuwa na maombi mawili ya mke mmoja kwa majina mawili ni kujitafutia utata. Kwa kuwa aliwasilisha kwa mtandao, ana akaunti USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, na humo kuna sehemu ya kupakia ushahidi wa ziada bila kuombwa. Apakie barua fupi ya Kiingereza, yenye saini na tarehe, ikisema maneno kama haya:

"Mimi ndiye mwombaji wa I-130 yenye namba ya risiti iliyotajwa hapo juu. Kwenye nafasi ya jina la mke wangu niliandika Zaituni Abdallah, nikidhani mke anatakiwa kuandikwa kwa jina la mume. Hajabadili jina. Jina lake kisheria, kwenye pasipoti ya Uganda na kwenye cheti chetu cha ndoa, ni Zaituni Ramadhani. Naomba rekodi zirekebishwe, na Zaituni Abdallah lihifadhiwe kama jina jingine lililotumika kwenye ombi hili."

Aambatanishe skani ya ukurasa wa picha wa pasipoti yako na cheti cha ndoa. Kama cheti kina maandishi ya Kiarabu au ya lugha nyingine isiyo Kiingereza, kitafsiriwe chote, na mtafsiri aandike chini kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri yake ni kamili na sahihi. Tafsiri ya nusu, ile ya kuruka mihuri na maandishi ya pembeni, hurudishwa.

Yawezekana asijibiwe. Yawezekana hata barua ya kukubaliwa ikatoka bado na jina la zamani. Msishtuke na msianze kupakia barua ile ile kila wiki. Ombi likikubaliwa hupelekwa Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, na huko mume au wewe mtawaandikia kwa fomu yao ya maswali mtandaoni, mkiambatanisha pasipoti tena na kueleza kwa sentensi mbili. Na hata pale kosa likisafiri hadi siku ya mahojiano, pasipoti yako, cheti cha ndoa na nakala ya barua ya mume vitalimaliza mezani. Kosa la mwombaji kuandika jina la ndoa badala ya la kuzaliwa halifuti ndoa wala halifuti ombi.

Wewe mwenyewe utaingia kazini kwenye fomu DS-260, inayojazwa mtandaoni baada ya ada za NVC kulipwa. Jina kamili andika la pasipoti. Kisha itakuuliza kama umewahi kutumia majina mengine. Jibu ndiyo. Andika Zaituni Abdallah, ingawa wewe hujawahi kulitumia maishani mwako, kwa kuwa limo kwenye ombi la mume na kompyuta yao imekwishalihifadhi. Ongeza jina lolote jingine lililoingia kwenye karatasi yenye muhuri: la madrasa kama limeandikwa kwenye cheti, la kazini Dubai kama waliandika tahajia yao, la ndoa ya awali kama iliwahi kuwapo. Jina la utani la mtaani ambalo halijaandikwa popote halina haja. Lakini la Facebook angalia sana. Fomu hiyo inauliza akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka mitano iliyopita, na wanawake wengi mara baada ya harusi hujiandika huko kwa jina la mume kwa mapenzi tu. Si kosa. Itaje akaunti kama inavyoitwa, na jina hilo liweke kwenye orodha.

Hapa nitasema kwa mkazo. Kuwa na majina mengi si tatizo. Kulificha mojawapo ni tatizo. Afisa akiona mwombaji ameficha jina kwa makusudi ili jambo la maana lisijulikane, kwa mfano ndoa ya zamani au viza iliyokataliwa, sheria yao ya uhamiaji inamruhusu kumfungia mlango wa Marekani maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao si rahisi kuupata. Kwa hiyo kama kuna jina unaloona haya kulitaja, taja hilo kwanza.

Kuhusu vyeti vyenyewe sitakaa sana. Cheti cha kuzaliwa cha NIRA kina jina lako la kuzaliwa, na kwako kitafanana na pasipoti, alhamdulillahi. Cheti cha nikahi cha msikitini usikitegemee peke yake. Hakikisha ndoa imesajiliwa na URSB, ambayo ndiyo yenye rejista ya ndoa nchini, na uombe nakala iliyothibitishwa. Kama imamu hakupeleka taarifa, mfuateni sasa, kabla NVC haijaanza kukudai nyaraka. Soma nakala hiyo dirishani kabla hujaondoka: jina lako, la baba, la mume, tarehe. Kurekebisha herufi siku hiyo hiyo ni jambo la maelewano, kurekebisha baada ya mwaka ni safari. Cheti cha tabia njema, yaani cheti cha polisi cha hapa Uganda, huombwa kwenye kitengo cha Interpol cha Polisi ya Uganda. Waeleze kwamba kuna jina jingine kwenye ombi lenu, watazame yote mawili. Usikiombe mapema mno, kwa sababu cheti cha polisi huhesabiwa kuwa kimechakaa baada ya miaka miwili. Na barua ya LC, yaani baraza la mtaa au kijiji, ikihitajika mahali, mwenyekiti aandike jina la pasipoti, asiandike "mke wa Yusuf" wala "Mama fulani" kama mnavyoitana kijijini.

Umeuliza kama watawaamini. Wataamini maisha yenu yakionekana. Kusanyeni kile ambacho ndoa ya mbali huacha nyuma yake: risiti za fedha anazokutumia kwa simu au benki, mihuri ya Entebbe kwenye pasipoti yake kila alipokuja, picha za nikahi zenye wazazi na majirani, mazungumzo yenu ya simu ya miezi mingi, si ya wiki moja kabla ya mahojiano. Kama amekuandika kuwa mrithi wa bima au wa akaunti, weka karatasi hiyo, nayo ina uzito sana. Hakikisheni jina lililo kwenye risiti ni lile la pasipoti. Namba yako ya simu imesajiliwa kwa NIN, kwa hiyo risiti za hapa zitasema Zaituni Ramadhani bila wewe kufanya lolote, zile za kampuni za Marekani za kutuma fedha, mwambie mume aangalie alikuandikaje, asije akawa aliandika "Mrs. Yusuf".

Afisa akikuuliza kwa nini huna jina la mume, jibu kwa sentensi moja: kwetu mwanamke hubaki na jina la baba yake. Usijitetee, usieleze zaidi ya ulivyoulizwa.

Labda siku moja wewe mwenyewe utapenda kubeba jina la Yusuf. Hilo ni lenu. Wakati wake ni baada ya kufika. Kama siku ya kuingia Marekani ndoa yenu itakuwa haijafikisha miaka miwili, utapewa grinikadi ya miaka miwili yenye masharti, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha mtajaza I-751 kuondoa masharti hayo. Ikiwa wakati huo umekwishabadili jina kisheria, unaweza kuomba kadi mpya itoke na jina hilo. Ukiwa na kadi ya miaka kumi, kuna fomu I-90 kwa ajili hiyo, kwa ada yake. Lakini ningekuwa wewe ningengoja uraia. Mke wa raia anayeishi naye huweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya grinikadi, na fomu N-400 ina nafasi ya kuomba jina jipya bila ada ya ziada. Kiapo kikifanyika mahakamani, hakimu hulithibitisha siku hiyo. Kabla ya kufanya hivyo, kumbuka kwamba Uganda inaruhusu uraia pacha, na ukitaka kubaki Mganda utatembea na pasipoti mbili. Zikiwa na majina mawili, kila ukishuka Entebbe utaeleza.

Neno kwa dada wengine watakaosoma hapa, maana sitaki mtu akimbilie kubadilisha kinyume. Sikusema kila mke aandikwe kwa jina la baba. Kama uliolewa kanisani miaka mingi iliyopita, na kitambulisho, pasipoti na benki vyote viko kwa jina la mume, basi hilo ndilo jina lako. Jaza hilo, na la kuzaliwa liandike kwenye majina mengine. Kanada nao huifuata pasipoti. Wanaokwenda Uingereza wajue kwamba huko mbele, siku ya kuomba pasipoti ya Uingereza, serikali yao hutaka jina lifanane na la pasipoti ya nchi nyingine unayoishikilia, kwa hiyo anayewaza kubadili afikirie pande zote mbili tangu mwanzo.

Na wale ambao bado hawajawasilisha chochote, na wameamua kwa moyo mmoja kutumia jina la mume, wabadilishe kila kitu kwanza: Gazeti, NIRA, pasipoti, ndipo I-130. Anayeanza kubadili katikati ndiye anayeumia.

Kitambulisho chako cha taifa, dada, kama ni kati ya vile vilivyoisha muda na hujakihuisha tangu zoezi la Mei 2025 lianze, nenda ukakihuishe kwa jina lile lile, na usikubali karani akuongezee jina la mume kwa kuwa tu umesema umeolewa. Mume naye apakie ile barua wiki hii.

Hukutaja kama una mtoto uliyemzaa kabla ya ndoa hii. Kama yupo, niandikie tena na unitajie umri wake, kwa sababu mtoto wa kambo wa raia wa Marekani haingii kwenye faili la mama yake: anahitaji I-130 yake mwenyewe, ndoa yenu iwe ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18, na cheti chake cha kuzaliwa kikutaje mama yake kwa jina lile lile la pasipoti yako.